Jinsi ya Kujenga Kalibu ya Chuma Tabaka kwa Tabaka: Mwongozo kwa Karakana za Lubumbashi

Karakana nyingi za Lubumbashi, kuanzia Kampemba hadi Katuba na Ruashi, tayari zina mashine ya kuchomelea inayojilisha waya, ile tunayoiita mig, pamoja na fundi anayeijua kwa macho na kwa masikio. Ukiongeza fremu yenye mota inayoongozwa na kompyuta, vitu hivyo vinaweza kukujengea kalibu au kipuri cha chuma ambacho vinginevyo ungesubiri kivuke mpaka wa Kasumbalesa. Tochi ya mashine hiyo ya kuchomelea huweka mshono wa chuma juu ya bamba nene, kisha mshono mwingine kando yake, na tabaka likikamilika hupanda milimita moja au mbili na kuanza tabaka jipya, hadi umbo lifike kimo kinachotakiwa. Baadaye sehemu zinazohitaji vipimo kamili hunyooshwa kwa freza (mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka) au kwa kukereza.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1925 Ralph Baker alipewa hataza nchini Marekani kwa ajili ya kujenga mapambo ya chuma kwa kurundika mishono ya umeme. Mwaka 2013 watafiti wa chuo kikuu cha Michigan Tech walichapisha michoro ya mashine ya bei nafuu iliyotumia mig ya kawaida. Mwaka 2017 ilijengwa Rotterdam rafadha ya meli yenye uzito wa takriban kilo 400 na matabaka 298, na mwaka 2021 daraja la waenda kwa miguu lenye urefu wa mita 12 lilifunguliwa Amsterdam baada ya kujengwa na roboti kwa waya wa chuma kisichoshika kutu. Nayataja haya kwa sababu mafundi wengi hudhani kwamba kutengeneza chuma kwa matabaka kunahitaji lazima unga maalumu na mionzi ya leza. Njia ya unga ipo, nayo hutoa vipande vyenye maumbo madogo sana, lakini kwa kalibu ya uzito wa kilo kadhaa, waya na umeme wa kuchomelea vinatosha. Linalohitaji nidhamu ni joto, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu joto.

Chagua kazi inayostahili

Kitu kinachoweza kukatwa kutoka kwenye bamba, au kukerezwa kutoka kwenye nondo ya mviringo, kikatwe na kikerezwe. Kujenga kwa matabaka kuna faida pale ambapo kipande kina shimo kubwa ndani, kuta zinazolala au mikunjo, kiasi kwamba ukikichonga kutoka kwenye chuma kizima utatupa karibu nusu ya chuma hicho.

Mfano nitakaoutumia ni nusu ya chini ya kalibu ya kubania mpira wa kuzuia mtikisiko, aina inayowekwa chini ya injini na pampu. Kwa nje ina milimita 200 kwa 150, sakafu yake ina unene wa milimita 20, na shimo lake lina milimita 160 kwa 110 na kina cha milimita 60. Ukiichonga kutoka kwenye chuma kizima chenye uzito wa karibu kilo 19, zaidi ya kilo 8 zitageuka kuwa maranda ya chuma, tena baada ya saa nyingi za freza. Ukiijenga kwa matabaka, bamba la msingi lenyewe linakuwa sakafu, na kuta peke yake ndizo zinazochomelewa. Kalibu ya mpira inafaa kwa kuanzia, kwa kuwa mpira huiva kwenye joto la takriban nyuzi 150 hadi 170, na waya wa kawaida wa chuma hustahimili joto hilo bila shida. Kalibu ya kumiminia alumini iliyoyeyuka, au ya kubana bati nene, inadai aina nyingine ya chuma na ugumu mwingine, usianzie huko.

Katika mchoro, kumbuka kwamba mpira hunywea unapopoa, kwa kawaida kati ya asilimia 1.5 na 2, kwa hiyo shimo la milimita 160 hutoa mpira wa takriban milimita 157. Muulize anayekuuzia mpira kiwango cha aina unayotumia kabla ya kuchora.

Fremu na umeme wake

Kama una meza ya kukatia bamba kwa plazma, una sehemu kubwa ya mashine, mradi mhimili wa kupanda na kushuka uweze kwenda angalau milimita 150 bila kuyumba. Kama huna, jenga fremu ya mabomba ya mraba yenye reli, skrubu za kusogeza na mota za hatua (zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo kila zinapoamriwa), pamoja na kidhibiti cha programu huria kama GRBL. Mashine hii haihitaji usahihi wa mashine ya freza, kwa kuwa mshono wenyewe una mawimbi. Usahihi wa sehemu moja ya kumi ya milimita unatosha. Inachohitaji ni mwendo usiobadilika, maana tochi ikichelewa mahali fulani, hapo chuma kitarundikana.

Kebo ya kurudisha umeme ifungwe moja kwa moja kwenye bamba la msingi, wala isifungwe kamwe kwenye fremu. Ikifungwa kwenye fremu, umeme wa kuchomelea utatafuta njia kupitia reli na beringi, na beringi zitaungua kimyakimya hadi siku zitakapokwama. Tochi ishikwe kwa kipande cha bakelaiti au kitu kingine kisichopitisha umeme. Nyaya za mota zipite mbali na kebo za kuchomelea, ziwe na kinga ya wavu wa chuma iliyounganishwa na ardhi upande mmoja, kwa sababu kila cheche ya kuanzia hutoa kelele ya umeme inayoweza kumfanya kidhibiti apoteze hatua. Kitufe cha tochi kiwashwe kwa rilei (swichi inayofunguliwa na kufungwa kwa umeme), ili amri ya kuanza na ya kusimama itoke ndani ya programu. Ongeza pia kihisi cha umeme kwenye kebo ya kuchomelea, ambacho husimamisha mwendo endapo cheche itazimika. Bila hicho, tochi itaendelea kuzunguka bila kuweka chuma, na tabaka linalofuata litaanguka ndani ya pengo.

Chagua mashine ya kuchomelea kwa kutazama kiwango chake cha kazi ya mfululizo. Mashine iliyoandikwa ampea 200 kwa asilimia 60, yaani dakika 6 za kuwaka katika kila 10, haikusudiwi kutoa ampea hizo saa nzima bila kupumzika, ilhali kazi hii huendesha tochi kwa dakika nyingi mfululizo. Soma kibandiko chake, tafuta ampea zinazoruhusiwa kwa asilimia 100, na ubaki chini ya hapo.

Waya na gesi

Tumia waya wa chuma wa ER70S-6 wenye kipenyo cha milimita 1.0, ambao mafundi wa jiji wanaujua tayari. Mshono wake una nguvu ya kuvutwa isiyopungua takriban megapaskali 480. Gesi ya mchanganyiko wa agoni asilimia 82 na kaboni dayoksaidi asilimia 18 hutoa mshono tulivu, lakini kaboni dayoksaidi tupu pia hufanya kazi, ingawa hurusha matone mengi zaidi na kuziba nozeli haraka. Weka mtiririko wa lita 12 hadi 15 kwa dakika. Katika miezi ya Agosti na Septemba, upepo wenye vumbi jekundu unapoingia karakana zilizo wazi, gesi hupeperushwa na mshono hujaa vitundu. Zungusha meza kwa bati pande tatu badala ya kufungulia gesi zaidi, kwa sababu gesi inayotoka kwa kasi kupita kiasi hujichanganya na hewa na kuleta vitundu vilevile. Katika msimu wa mvua shida hugeuka kuwa kutu juu ya waya. Waya ubaki ndani ya mfuko uliofungwa kila jioni.

Tafuta vipimo vya mshono wako

Usichukue vipimo vya mtu mwingine ukaviamini, hata hivi vyangu. Chukua bamba chakavu lenye unene sawa na la kazi, uchomelee mishono mitano yenye urefu wa milimita 150, ukibadilisha kasi ya mwendo tu: milimita 300, 350, 400, 450 na 500 kwa dakika. Weka ulishaji wa waya kuwa mita 3 kwa dakika, volti karibu 17, na umbali wa milimita 12 hadi 15 kati ya ncha ya shaba na chuma. Kwa waya huu utapata takriban ampea 80 hadi 90. Sikiliza: mlio uwe wa kukaanga wenye mfululizo sawa, ukisikia milipuko yenye nafasi kati yake, volti ni ndogo au kebo ya kurudisha haishiki vizuri. Kisha kata bamba kwa msumeno kukingama mishono, lainisha mkato kwa msasa, na upime upana wa kila mshono kwa kalipa. Tazama pia kama mshono umeingia ndani ya bamba au umelala juu yake tu.

Tuseme umechagua kasi ya milimita 400 na upana umetoka milimita 5. Hesabu ni hii. Waya wa milimita 1.0 una eneo la milimita za mraba 0.785, mita 3 zake kwa dakika ni milimita za ujazo 2,356, ukigawanya kwa 400, kila milimita ya mshono imebeba takriban milimita za ujazo 5.9. Mishono inayolala kandokando haipaswi kugusana kingo tu, kwani kati yake kutabaki bonde ambalo tabaka la juu haliwezi kulijaza. Umbali kati ya katikati ya mshono mmoja na mwingine uwe karibu asilimia 70 ya upana, yaani milimita 3.5. Gawanya 5.9 kwa 3.5 na utapata kimo cha tabaka: milimita 1.7. Matone yanayoruka pembeni hupunguza kimo hicho kidogo, kwa hiyo jenga ukuta mdogo wa matabaka kumi, upime kimo chake, ugawanye kwa kumi, na uandike namba hiyo katika programu.

Ukuta wa kalibu yetu utakuwa na unene wa milimita 20 baada ya kumalizwa. Mishono saba kwa kila tabaka hutoa milimita 26, na kuacha milimita 3 kila upande kwa ajili ya freza. Mzunguko wa katikati ya ukuta ni milimita 620, hivyo tabaka moja huchukua takriban dakika 11 za kuchomelea, na matabaka 37 hutoa kimo cha milimita 63. Kwa jumla ni karibu saa 7 za tochi kuwaka na kilo 7.5 za waya, nusu ya koili ya kilo 15.

Kuandaa njia ya tochi

Chora kipande katika FreeCAD au programu nyingine unayoizoea, ukiongeza chuma cha kuchongwa kila upande. Pembe zote ziwe na mviringo, kwa kuwa kwenye pembe kali mota hupunguza mwendo wakati waya unaendelea kuingia, na baada ya matabaka machache pembe itakuwa imeinuka kuliko kuta.

Mshono wa nje na wa ndani uchomelewe kwanza, kisha ile ya katikati ijaze. Mahali pa kuanzia mshono huinuka, na mahali pa kumalizia hubaki kishimo. Usiruhusu vianzio vyote viwe juu ya mstari mmoja. Kila tabaka lianze mahali tofauti kwenye mzunguko, na tabaka moja likienda kwa mwelekeo wa saa, linalofuata liende kinyume. Baada ya cheche kuwaka, tochi isubiri karibu nusu sekunde kabla ya kuanza kutembea. Kwa kuta zinazolala, sogeza kila tabaka sehemu ndogo ya upana wa mshono. Ukisogeza kupita kiasi, chuma laini kitamwagika upande usio na kitu chini yake.

Hifadhi kila tabaka kama faili lake, lenye namba. Ushauri huu unatoka moja kwa moja katika maisha ya umeme wa jiji letu. Umeme ukikatika katikati ya tabaka la 19, utasaga kishimo kilichoachwa, utapiga brashi, na kuendelea na faili la 19 kuanzia pale lilipokatika, badala ya kutafuta mstari mmoja ndani ya faili refu. Kompyuta na kidhibiti viwe kwenye betri ili vikumbuke mahali tochi ilipo. Kama unatumia jenereta, isiwe ile inayolemewa kila cheche inapowaka, maana volti zikicheza, upana wa mshono nao hucheza.

Joto

Bamba la msingi likiwa baridi, hufyonza joto haraka sana na tabaka la kwanza hubaki limeinuka bila kushika. Safisha bamba kwa grainda hadi ling'ae, lifunge kwa jiriwa pande zote, ukiwa umeliacha kubwa kuliko kalibu kwa milimita 40 kila upande, kisha lipashe joto hadi nyuzi 100 hivi. Tabaka la kwanza na la pili yachomelewe kwa kasi ndogo kidogo kuliko mengine.

Kadiri ukuta unavyopanda, hali hugeuka. Joto haliwezi tena kukimbilia kwenye bamba kwa urahisi, chuma kilichotangulia hubaki na moto, na mshono mpya husambaa, ukiwa mpana na mfupi. Programu inaamini kwamba umepanda milimita 1.7 ilhali umepanda 1.4; baada ya matabaka kumi tochi iko milimita 3 juu kuliko inavyostahili, ampea zinashuka, gesi haifiki vizuri, na vitundu vinaanza. Fundi asiyejua chanzo atalaumu gesi au waya.

Dawa yake ni kusubiri. Tabaka jipya lisianze kabla ya lililotangulia kushuka chini ya nyuzi 150 hadi 200, na kiwango utakachochagua ndani ya mipaka hiyo kibaki kilekile mwanzo hadi mwisho. Pima kwa waya wa kipimajoto unaogusa chuma, au kwa chaki za joto zinazoyeyuka kwenye nyuzi maalumu. Vile vipimajoto vya kuelekeza kwa mbali hudanganyika juu ya chuma kinachong'aa na husoma chini ya joto halisi. Usimwagie maji. Feni ya kupuliza chini ya bamba inasaidia, mradi hewa isifike kwenye tochi. Kwa kipande hiki, kusubiri kutaigeuza kazi kuwa ya siku mbili, na sioni njia ya mkato. Siku ya pili pasha tena chuma joto kabla ya kuendelea.

Wakati wa kusubiri una kazi yake. Juu ya mshono wa ER70S-6 utaona madoa ya kahawia yanayong'aa kama kioo, yanayotokana na silikoni na manganizi iliyomo ndani ya waya. Yakiachwa yakarundikana, cheche huwaka vibaya na takataka hubaki ndani ya ukuta. Pitisha brashi ya waya hadi yabanduke, ondoa matone kwenye nozeli, na kila baada ya matabaka matano pima kimo kwenye pembe nne na katikati ya kila ukuta. Tofauti ikizidi milimita 1, saga palipoinuka, kisha rekebisha kimo cha tochi kwa namba halisi.

Usiiache mashine peke yake kwa sababu tu inajiendesha. Saa 7 za mwanga huo ni nyingi kuliko fundi yeyote anazotumia kwa siku ya kawaida, na viwanja vyetu viko wazi kwa njia; weka pazia zito au bati ili watoto wanaopita wasitazame. Moshi wenye manganizi uvutwe juu na utolewe nje, mitungi ifungwe kwa mnyororo ukutani, na bamba lenye zinki lisitumike kabisa kuwa msingi.

Kumaliza

Ukilegeza jiriwa mara baada ya tabaka la mwisho, bamba litajikunja kuelekea juu kama ukingo wa sahani, kwa kuwa kila mshono uliopoa unavuta. Liache lipoe likiwa limefungwa. Kisha, kabla ya freza, kalibu iwekwe ndani ya tanuri pamoja na bamba lake kwenye nyuzi takriban 600, saa moja kwa kila milimita 25 za unene, na ipoe polepole humo humo ndani ya tanuri lililofungwa. Anayesubu chuma jijini anaweza kukukodisha tanuri, mradi lina kipimajoto cha kuaminika. Ukiruka hatua hii, kila safu ya chuma unayoondoa kwa freza itaachia mvuto uliokuwa umefungiwa, na vipimo vitabadilika mbele yako.

Chonga kwanza upande wa chini wa bamba ili upate uso ulionyooka wa kupimia, kisha kuta za nje, na shimo mwisho. Paka rangi ya kupenya kwenye uso wa shimo, ifute, nyunyiza unga wake mweupe na ungoje. Kitundu au ufa wowote utajionyesha kwa alama nyekundu. Kitundu kimoja kidogo huchimbwa na kujazwa kwa mkono. Vitundu vilivyojipanga kwenye mstari wa kimo kimoja vinaonyesha kwamba tabaka lile lilikosa gesi, na ukuta huo ukatwe hadi chini ya mstari, ujengwe tena kwa mafaili yaleyale.

Bana mpira wa kwanza, uuache upoe hadi siku ya pili, ndipo uupime. Tofauti ya vipimo irekebishwe kwenye mchoro na kwenye shimo, na kwa kuwa kuchonga ni rahisi kuliko kuongeza, ni vyema shimo la kwanza liwe dogo kwa nusu milimita kuliko unavyokadiria. Ndani ya folda moja na mafaili ya matabaka, andika volti, ulishaji, kasi, gesi, joto la kusubiria na kimo halisi cha kila tabaka la tano, ili nusu ya juu ya kalibu ijengwe kwa vipimo hivyo hivyo na nusu mbili zikutane bila mwanya.